Sauti Yangu Getini kwa Kina Njeri

Leo nimeumbuka kupitia spika nne za gari, vioo vyote vikiwa chini.

Ilikuwa siku ya ruracio ya binamu yangu Mwangi. Tulikuwa tunapeleka mahari kwa kina mchumba wake, huko Ngoliba, mbele ya Thika. Mnajua desturi. Wageni hawafunguliwi geti hivi hivi. Kina mama wa upande wetu husimama nje waimbe, wa ndani wajibu, mpaka wa ndani waridhike. Kwetu anayeongoza ni shangazi yangu, Tata Wangari, na Tata alikuwa amekaukiwa na sauti kwa sababu ya homa. Bahati nzuri nilikuwa nimemrekodi kwa simu wiki jana akifanya mazoezi na wenzake.

"Kimani, utatuchezea hiyo kwa gari," aliniambia, sauti kama karatasi inayokunjwa. "Sisi tutafungua tu midomo."

Nikapewa gari la mjomba niendeshe. (Mimi huosha magari Ruiru, kwa hivyo nyumbani wanaamini najua kila kitu kilicho ndani ya gari.)

Sasa, kwenye simu hiyo hiyo mlikuwa na rekodi nyingine. Mchumba wa Mwangi ana mdogo wake, Njeri. Siku tulipoenda kujulishana nilimwona nyuma ya nyumba akimenya viazi, akiimba chini kwa chini, na maganda yanaanguka marefu bila kukatika. Tangu siku hiyo sijatulia. Kuandika hunichukua muda mrefu na kumwambia ana kwa ana siwezi. Basi huwa najirekodi nikijaribu maneno. Rekodi hiyo haikuwa ya kusikiwa na mtu yeyote duniani.

Jana jioni simu iliniuliza kama inaweza kujisasisha. Nilikuwa nikiyawaza yale maganda. Nikabonyeza ndiyo. (Wakati huo ningeulizwa chochote ningekubali.)

Leo asubuhi simu na gari zikawa hazijuani tena. Simu inasema imeunganishwa. Redio ya gari inasema haioni simu yoyote.

Tulipofika Thika nikaegesha kwenye kituo cha mafuta. Nikazima bluetooth, nikaiwasha. Nikazima simu yenyewe. Nikafuta jina la gari kwenye simu ili zianze kujuana upya, lakini redio ikakataa, ikasema orodha imejaa. Gari hilo limeazimwa na ukoo mzima na linakumbuka simu ya kila mtu. Nikafuta simu nne. (Mjomba, moja ilikuwa yako.) Nikaongeza sauti ya redio hadi mwisho, angalau nisikie mkwaruzo. Kimya.

"Kwani si wewe ndiye fundi?" Tata akauliza.

"Tata, mimi ni wa nje tu. Huosha bodi."

Redio ikasema nisubiri. Nikasubiri. Kulikuwa na mawingu madogo meupe, yanaenda polepole kama yana siku nzima. Nikaweka simu sikioni nikasikiliza ile rekodi yangu kidogo, macho nimefumba. Nikaona kinyumba huko Murera, karibu na Ruiru, pazia la rangi ya samawati, kuku wawili, na mtu anayemenya viazi mlangoni.

"Kimani! Unalala?"

Tukaondoka bila bluetooth. Mashamba ya mananasi yakapita kando yetu, mistari inafunguka na kufungika, na mimi bado nilikuwa kwenye kile kinyumba.

Tukafika. Geti limefungwa, na wa ndani tayari wanaimba. Kina mama wetu wakashuka, wakalizunguka gari na kuegemea milango ili wasikie vizuri. Mpango ulikuwa niinue simu dirishani, icheze yenyewe. Nikazungusha ufunguo, nikashusha vioo vyote.

Redio ikaamka. Ikatoa mlio mdogo mtamu. Imeunganishwa! Nilifurahi kama sekunde mbili hivi.

Kumbe gari likishaunganishwa huendelea na kitu cha mwisho ulichosikiliza.

"Njeri, habari. Ni Kimani. Yule wa Ruiru."

Wa ndani wakakatiza wimbo.

"Tangu nikuone, kioo kimoja cha gari nakiosha mara tatu."

Nikaitafuta simu, kupunguza sauti ya redio wala sikukumbuka. Ilikuwa imeteleza katikati ya viti. Nikazima ufunguo, lakini redio ya gari hilo haizimiki mpaka ufungue mlango, na mlango umeegemewa na Tata Wangari. Nikasukuma. Tata hasukumiki.

"Si lazima unijibu leo." Kisha kikohozi. Kisha mimi tena, nimejaribu sauti nzito: "Njeriii. Habari."

Ndani sauti ya mama mmoja ikauliza, "Njeri gani? Humu tuko wanne."

Nilisahau kwamba kwa desturi yetu wajukuu wa kike hupewa jina la nyanya.

"Ni mimi," akajibu nyanya mzee wa boma, Cucu Njeri. "Mwacheni amalize. Endelea, kijana."

Geti likafunguka. Hakuna wa upande wetu aliyeimba hata ubeti mmoja. Wa ndani walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko, na wetu vilevile.

"Nimeimba kwa mageti mengi," Tata akasema kwa ile sauti ya karatasi, "na sijaona lililofunguka haraka hivyo."

Wakati wa chakula nilikaa mwisho kabisa wa hema, nyuma ya mtungi wa maji. Cucu Njeri alipita akaniuliza kama bado namtaka yeye au nimebadili nia. Baadaye sahani ikatua mbele yangu. Njeri mwenyewe.

"Ulisema si lazima nikujibu leo," akasema, bila kuniangalia.

"Ndiyo."

"Basi sijakujibu."

Akaenda. Sahani yangu ilikuwa na viazi vingi kuliko ya mtu yeyote.

Sasa nimerudi Ruiru, nawaandikia huku simu ikiniuliza tena kama inaweza kujisasisha. Ninyi chekeni, lakini mchekee mbali na Tata asije akacheka nanyi, koo lake halijapona.