Kisu Kilichouza Visu Vingine

Siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, nusu ya wanaume wa mji wa baridi wa Oulu hugundua kwamba visu vyao vya mwaka jana vimepotea, vimeota kutu, au wake zao wamevitumia kufungulia makopo ya rangi. Rauno Kuikka aliijua siku hiyo kama mlevi ajuavyo siku ya mshahara. Alifika uwanja wa soko mapema, akatega meza yake kati ya kibanda cha kahawa na muuza samaki wa moshi, akaweka gogo la mti wa betula na kasha lililojaa visu.

Tuuseme ukweli kuhusu kasha lile, maana Rauno hatausema. Visu vyake viling'aa kama meno ya mgombea ubunge. Chuma chenyewe kilikuwa bati lenye tamaa ya makuu, na ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini ulikuwa mfupi kama ukucha, umeshikiliwa na gundi na dua. Lakini kiunoni mwa Rauno kilining'inia kisu kingine. Sura ileile, mpini uleule wa gome la betula, ila hiki kilifuliwa na mhunzi wa kweli, na mkia wake ulipita mpini mzima ukatokea nyuma. Mhunzi alikwisha jifia zake. Kisu hicho ndicho kilichokuwa mke, shamba na pensheni ya Rauno. Bila hicho, alibaki mtu mwenye bati na mdomo.

"Jamani, kisu si pambo!" alinadi. Watu sita walisimama, nao kwa Oulu hao ni mkutano wa hadhara. "Asubuhi kipake siagi, mchana kichonge kijiti cha kuwashia moto, jioni kimchune kulungu, na kesho kiamke kama hakijafanya kazi!"

Akachomoa kile cha kiunoni, akakilaza juu ya gogo, akakipiga mgongoni kwa rungu. Pwaa! Gogo likawa mawili. Kisha akanyoa mkono wake kwa kisu hichohicho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa laini kama wa kichanga, ndio uliomlisha.

"Hayo maneno ya sokoni tu, kaka," alisema dada mmoja mwenye koti jekundu. "Lete nijaribu mwenyewe."

Dada huyo aliitwa Sirkka, na hakuwa mgeni kwa Rauno hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kubisha, kujaribu kile kisu kizuri, kupigwa na butwaa, na kununua kibovu. Malipo yake yalikuwa kahawa, andazi na ahadi. Alipigwa na butwaa vizuri sana siku hiyo. Watu wakaanza kutoa yuro arobaini arobaini. Bwana mmoja mnene, Pentti Luukko, alichukua vitano ili akawauzie wenzake kambini kwa bei maradufu. Mungu humpa kila mtu mjinga wake. Pentti alidhani amepewa watano.

Ndipo bibi mmoja mwenye buti za mpira na kikapu cha uyoga akasimama mbele ya meza. Hakusema kitu.

"Karibu, mama!" Rauno alitabasamu. Kimya. Akausifu mpini, akaisifu ala, akausifu uyoga. Kimya.

Sasa, Rauno alikuwa na ugonjwa ulio nadra mji ule: hakuweza kuvumilia kimya. Mtu akimnyamazia, alijiona kama amevuliwa nguo.

"Thelathini na tano, mama." Kimya. "Haya, thelathini, kwa heshima ya kikapu." Kimya. "Ishirini na tano! Hapo nalala njaa, mama, mimi na paka wangu!"

"Sawa," alisema bibi. "Nipe hicho."

Kidole chake kilielekea kisu kilichokuwa mkononi mwa Rauno.

"Hiki? Aa, mama, hiki cha maonyesho. Chukua kipya."

"Kipya sikijui. Hicho nimekiona kikipasua gogo."

"Kimechoka, mama."

"Hata mimi."

"Makali yameliwa!"

"Umekinyolea sasa hivi."

"Lakini vyote ni sawa! Baba mmoja, mama mmoja!"

"Kama ni sawa, kinakuuma nini?"

Pentti akachomoa kimoja cha vitano vyake, akaanza kukichungulia pale mpini unapokutana na bapa. Rauno akamwona. Akikataa kuuza, vile vitano vitarudi, na vikirudi vitano vitarudi vyote. Akatoa kisu kama mtu anayemtoa bintiye kwa mkwe asiyempenda.

"Na ala yake," alisema bibi, akihesabu yuro ishirini na tano.

Alipoondoka tu, Rauno alimvuta Sirkka nyuma ya meza ya samaki, akamshindilia mkononi mauzo yote ya siku.

"Mfuate! Kinunue! Mpe chochote anachotaka!"

"Chochote?"

"Sirkka, bila kile kisu sisi ni ombaomba!"

"Sisi?" aliuliza Sirkka, kwa sauti ambayo mwenye akili angeisikiliza mara mbili. Kisha akakimbia.

Hakukimbia mbali. Nyuma ya jengo la soko gari dogo lilikuwa likinguruma, na bibi wa uyoga yumo kwenye usukani.

"Shangazi," Sirkka alisema akifunga mlango, "nilidhani utacheka."

"Ningecheka angeishia thelathini," alisema shangazi, akatia gia.

Kule mezani, Pentti alikuwa amesogea karibu. "Rauno, hebu pasua gogo kwa kimoja cha hivi."

"Ngoja kidogo, bwana mkubwa, mwenzangu anakuja sasa hivi..."

Wakangoja. Mwenzake hakuja. Walikuja wanunuzi wengine wa siku ile, wakasimama na vikombe vya kahawa, hakuna aliyetia neno, na kimya kikamvua Rauno shati, suruali na soksi. Akachukua kisu kwenye kasha, akakilaza juu ya nusu iliyobaki ya gogo, akapiga. Bapa likaenda kwa muuza samaki, mpini ukabaki mkononi. Gogo hata halikuamka.

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyemtukana mama yake. Watu wa Oulu waliweka vikombe chini, wakapanga foleni bila kuambiwa, kila mmoja nafasi ya heshima nyuma ya mwenzake, Pentti mbele, na kila mmoja na kisu chake mkononi.