Mlango Wetu Mlioufungua kwenye Televisheni

Kwa Mkuu wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUOMBA FILAMU YENU IRUDI ILIKOTOKA NA WATAZAMAJI WAISAHAU

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wafanyakazi wenzako mnaendelea vizuri, kwa sababu mimi siendelei vizuri, na chanzo ni ninyi. Mimi ni fundi kufuli. Marehemu baba alikuwa fundi kufuli, na kaka yangu mkubwa ni fundi kufuli. Nakuandikia kwa adabu zote, baada ya kuchana karatasi za mwanzo ambazo adabu zilikuwa hazijaingia.

Jumapili ya wiki iliyopita, mara tu baada ya taarifa ya habari, mlionyesha filamu ya hali halisi kuhusu historia ya michezo ya kompyuta ya maandishi. Nilifurahi mno. Nilimwita mke wangu aache kukunja nguo aje aone. Mlieleza vizuri, sikatai: jinsi vijana wa vyuo vikuu walivyokaa mbele ya skrini nyeusi zenye herufi za kijani, wakajenga mapango na misitu kwa maneno matupu, bila picha hata moja, jinsi mchezaji alivyoandika amri fupi, nenda kaskazini, chukua taa, na mashine ikamjibu amefika wapi na ameona nini, jinsi watu wazima wenye familia walivyochora ramani ili wasipotee ndani ya chumba ambacho hakipo. Mke wangu alisema, kumbe mko wengi. Nikajisikia mtu kati ya watu.

Halafu mkafika kwenye michezo iliyotungwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo mliponibomolea nyumba. Mlionyesha mchezo uitwao Nyumba ya Shangazi.

Mchezo ule ni wetu. Sisemi tuliutunga, nasema ni wetu. Ofisi moja ilipohama ilimwachia baba kompyuta kuukuu, na diski ya mchezo huo ikiwa bado imo ndani. Tangu mimi na kaka hatujaota ndevu, tumesimama kwenye ukumbi wa huyo shangazi, mbele ya mlango uleule. Mashine inasema: "Uko ukumbini. Mbele yako kuna mlango wa mbao. Mlango umekomewa kwa ndani." Basi. Hapo ndipo tulipozeekea. Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Mlitoa jibu bila onyo. Mnapotaka kuonyesha damu huwa mnatangaza kwanza, wenye mioyo dhaifu wageuke pembeni. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai ya moto mkononi. Mtangazaji wenu, bila hata kushusha sauti, akasema mlango ule unafunguka ukiandika PIGA HODI, kisha akaendelea na mambo mengine kana kwamba amesoma hali ya hewa. Nilimwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia dari, na mabega yake yakawa yanatikisika.

2. Mlimleta mtungaji mwenyewe acheke. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, bibi wa heshima mwenye miwani, na paka amelala mapajani mwake. Alisema alidhani kila mtu angeanza na hilo. Akaongeza kwamba komeo la ndani halijifungi lenyewe, kwa hiyo ndani kuna mtu, na mtu akiwa ndani unabisha. Ndugu Mkuu, bibi yule simkosei adabu, lakini sisi ni mafundi. Tukiitwa kwenye mlango, hodi imeshapigwa na imeshindikana, ndiyo maana tumeitwa. Hakuna mteja aliyewahi kututoa dukani na sanduku la vifaa ili twende tukapige hodi. Tulifanya kama baba alivyotufundisha. Tuling'oa bawaba. Tulipitisha waya. Tulipaka mafuta, tukasubiri, tukapaka tena. Kaka aliandika TOBOA UKUTA mpaka mashine ikajibu kwamba ukuta umemsikia. Mimi niliwahi kuichoma moto nyumba nzima, na mashine ikaniambia shangazi atasikitika sana. Hata hapo hatukujiuliza huyo shangazi yuko wapi.

3. Mmetuharibia jina la kazi. Mtaani hapa hakuna asiyejua habari za mlango ule, kwa sababu nimeusimulia kwa kila aliyekaa kusubiri funguo zake. Sasa mshona viatu wa duka la pili haingii kwangu bila kusimama kizingitini na kupiga hodi kwa sauti ya mtu anayeongoza kwaya. Juzi mama mmoja aliyefungia funguo ndani ya gari lake aliniuliza, kwa upole ambao sitausahau, kama nimejaribu kwanza kubisha kioo. Nilimfungulia gari lake. Nilirudi dukani nikakaa.

4. Kaka yangu. Hili ndilo hasa, na yale matatu ya juu nimeyaweka ili barua isianze na kilio. Baba alipofariki tuligombana juu ya duka. Maneno yaliyosemwa siku ile siyarudii hapa. Kaka alichukua mashine ya kuchonga funguo akafungua duka lake mtaa wa pili, mimi nikabaki na chumba, meza na kompyuta. Wake zetu wanatembeleana, watoto wanacheza pamoja, ila sisi wawili neno lilikatika. Isipokuwa Jumamosi. Kila Jumamosi tukishafunga maduka, kaka huja, hupita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, huvuta kiti cha baba, na huuliza wiki hii tunajaribu nini. Ule ugomvi hatujawahi kuugusa. Tunazungumza bawaba. Katikati ya bawaba ndimo nilimojua kwamba goti linamsumbua, kwamba binti yake amefaulu, kwamba shemeji alilazwa na akatoka salama. Mke wangu angeweza kunisimulia, lakini kaka mwenyewe asingeniambia kwa njia nyingine.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilifagia chumba cha nyuma, nikawasha mashine mapema maana huchukua muda kuamka. Kaka hakuja. Hakutuma mtoto, hakutuma salamu. Kwa hiyo ameiona filamu yenu, ameujua mlango, na haoni tena sababu ya kuja kwangu. Nampenda kaka yangu, Ndugu Mkuu. Sijawahi kumwambia na sitarajii kuanza uzeeni. Nakwambia wewe kwa kuwa hutujui.

5. Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, na naamini kituo chenye mitambo mikubwa kama yenu hakiwezi kushindwa. Mtangaze kwamba filamu ile ilikuwa na kasoro na jibu lile si lenyewe. Mumwombe bibi mwalimu atunge jibu jingine, gumu, la kiufundi, lenye bisibisi ndani yake, na asimwambie mtu. Watazamaji wote wasahau walichokiona. Mnaweza kuanza na mshona viatu, anakaa karibu. Mkisema watu hawasahaulishwi, mimi nasema mbona ahadi mnazotuonyesha kwenye taarifa ya habari tunasahau zote kabla ya matangazo ya sabuni.

6. Na kama yote hayo hayawezekani, basi mnifidie kwa mtu. Naomba mniletee mtumishi wenu mmoja kila Jumamosi jioni, akae kwenye kiti cha baba. Awe amenizidi umri. Awe mbishi, na awe na tabia ya kuninyang'anya kibodi kabla sijamaliza kuandika. Akosee kila amri kwa kujiamini kabisa. Goti bovu si lazima. Kwa wiki za mwanzo nitamvumilia akikosea kukosea, baadaye nitategemea azoee. Nimeshamfikiria hata msoma habari wenu wa saa mbili, maana ana uso wa mtu asiyekubali kushindwa, lakini sitaki kukupangia kazi.

Nisalimie wapiga picha, mafundi mitambo, mlinzi wa getini na dereva wa gari la matangazo. Nisalimie na bibi mwalimu, mwambie mchezo wake ni mzuri kuliko anavyoujua mwenyewe. Paka wake simlaumu kwa lolote.

Ni mimi ninayesubiri majibu, na ninayesubiri kwa jumla,

Fundi Kufuli,
Duka lenye mlango wa kijani, nyuma ya posta.

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha kaka akaingia. Shavu moja limevimba; jana alikwenda kung'olewa jino, akarudi akalala na ganzi yake mpaka asubuhi. Kabla sijamuuliza lolote, alisema televisheni ya kwake imeharibika wiki nzima na hajaona filamu ya aina yoyote. Nikasema nami sijaona. Akavuta kiti. Tumejaribu bawaba ya chini. Kisha akaandika IMBA, akaandika LALA, akaandika PIKA CHAI, mambo ambayo hajawahi kuyaandika maisha yake yote, akizunguka kila amri isipokuwa ile moja, na mimi kila wazo nikamwambia hilo ni zuri, kaka, tulikuwa wapi siku zote. Jumamosi ijayo tunaanza na dirisha.

Kwa hiyo nakuomba uichane barua hii. Sikuiandika, kwa sababu filamu yenyewe sijaiona. Na ikiwa umepokea barua nyingine yenye malalamiko kama haya, kutoka duka la kufuli la mtaa wa pili, tafadhali hiyo nayo usiijibu.