Kovu Chini ya Chombo cha Bibi

Jumatatu, 9 Juni
Sijawahi kumwambia mtu: mwaka jana nilisugua kitako cha chombo cha maua cha Bibi, cha kioo, kwa msasa. Kilikuwa na kovu katikati, baya kama kidonda kikavu, likikwaruza meza. Nilidhani ni kasoro. Siku tatu za kusugua, likatoweka. Nilijipongeza kimoyomoyo, maana ndiko ninakofanyia mambo yangu yote.

Leo Bibi amesema dada yake anakuja Jumapili. Kila akija hurudia wimbo ule ule: eti Babu alikiokota kwenye meza ya vitu vya bei chee. Marehemu Babu aliapa ni kazi ya mkono, ya fundi mkubwa. Bibi anasema asije akamfuata mumewe bila jibu.

Nimesema niachiwe mimi. Kwa nini nimesema?

Jumanne, 10 Juni
Maktaba. Kitabu kizima cha vioo vinavyobadilika rangi kama shingo ya njiwa! Ukurasa wa 43: pacha wa chombo chetu! Ukurasa wa 44: kioo kilichopulizwa kwa mdomo hujulikana kwa kovu chini, pale fundi alipokibandua kwenye fimbo ya chuma. Cha kiwandani mara nyingi huwa laini.

Laini.

Mkutubi ameuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Jumatano, 11 Juni
Binamu kaja. Tunamwita Profesa kwa sababu aliwahi kuwa wa pili darasani, na hajatuacha tusahau. Amepapasa kitako, akacheka: laini kama kipara cha mwalimu mkuu! Bibi wee, Babu aliingizwa mjini!

Bibi alikichukua mikononi mwake. Alikifuta chombo kwa upindo wa nguo yake, polepole, kama anamfuta mtoto uso.

Nimechoka na Profesa. Lakini ukurasa wa 43 una picha ya saini ya fundi. Nami nina bikari.

Alhamisi, 12 Juni
Saini imekaa. Imepinda kidogo. Bikari haifai tena kwa hesabu.

Nilimwomba Bibi akitazame chini, juani. Alipiga kigelegele, akaita majirani, akalia kidogo. Nimekuwa shujaa kwa dakika nne hivi. Ya tano akasema Jumamosi tunakipeleka kwa mtaalamu wa makumbusho.

Jumamosi, 14 Juni
Mtaalamu ana lenzi kubwa na hana haraka. Alipapasa ubavuni: hakuna mshono wa kalibu ya kiwandani. Shingo imeelemea upande. Akasema mama, hiki kimepulizwa kwa mdomo, sina shaka. Bibi alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Kisha mtaalamu akakigeuza. Akasema unga wa kioo bado umo ndani ya herufi. Saini hii haijamaliza wiki. Na kovu limesuguliwa. Karakana tatu zilifanya kazi ya namna hii, na kovu ndilo lingesema ipi. Sasa hakuna wa kusema.

Bibi aliuliza nani kafanya unyama huo. Nilitazama dari. Dari safi sana.

Bibi alitangulia mpaka mlangoni kwetu. Hapo akasema: mjukuu wangu, nyumba hii tunakaa wawili, na mimi sina bikari.

Nimeungama yote, msasa na saini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema maji yakishamwagika hayazoleki; walau ni kazi ya mkono, Babu hakumdanganya. Laiti angenichapa.

Jumapili, 15 Juni
Dada yake Bibi amefika. Bibi kamweleza aliyosema mtaalamu. Dada mtu kasema mdomo ni jumba la maneno, mwenzangu, karatasi iko wapi? Jina la fundi liko wapi? Bibi akawa mdogo kitini.

Sikuweza kuvumilia. Nimeingia chumbani, nimechana karatasi safi katikati ya daftari, nikaandika cheti cha fundi wa ukurasa wa 43 akimpongeza Babu kwa kununua kazi yake halisi. Nimeweka tarehe ya miaka arobaini iliyopita. Nimetumia kalamu ya zambarau, nyingine zimekwisha wino. Kisha nimeichovya kwenye chai izeeke, nikaianika dirishani.