Muswada wa Kumtembelea Mama Kabula

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya walimu ishirini na sita. Wote wa Historia. Watu ambao kazi yao ni kukumbuka!

Naanza mwanzo, kwa utaratibu.

Mnajua nina miezi saba tangu nihamie Masumbwe. Nyumba nzuri, maji yapo, shule si mbaya. Tatizo ni moja: hakuna mtu aliyewahi kuingia kwangu, ukimtoa fundi aliyekuja kutengeneza kitasa (na yeye alikataa hata chai). Huko Didia mlinizoea kwa jina la Mama Kabula. Hapa mimi ni Madam wa Historia. Shikamoo, marahaba, basi. Kabula mwenyewe yuko bweni. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye semina ya siku mbili ya walimu wa Historia wa wilaya, nilifurahi kuliko inavyofaa. Nikajisemea, hapa natoka na rafiki, hata mmoja.

Semina ilihusu kufundisha jinsi muswada unavyokuwa sheria, kwa kutumia kompyuta na projekta. Jana mwezeshaji, kijana mpole mwenye miwani, alitupa kazi: kila mmoja ajirekodi kwa simu akieleza hatua za muswada, kisha leo tuonyeshe darasani. "Na tumieni zana zinazopatikana katika mazingira yenu," akasema. (Kila semina wanasema hivyo. Kila semina tunaitikia kwa kichwa.)

Jioni nikajirekodi mara mbili. Ya kwanza nilikuwa najizoeza, najifurahisha tu peke yangu. Ya pili ndiyo ilikuwa somo lenyewe, nimesimama wima, nimechana nywele.

Leo saa nne na nusu, zamu yangu. Mwezeshaji akahamishia video zangu kwenye kompyuta.

"Madam, ziko mbili. Ipi?"

Majina ya video yalikuwa tarakimu ndefu zinazofanana.

"Ya juu," nikasema, kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Ukutani nikatokea mimi. Taulo jeupe kichwani badala ya wigi la Spika. Kanga mabegani badala ya joho.

Nikarukia kompyuta. Mwezeshaji akanizuia kwa mkono.

"Hapana, Madam, acha iendelee! Huu ni ubunifu!"

"Mwezeshaji, hiyo siyo..."

"Usione aibu. Ile ndoo ni nani?"

"Kiongozi wa upinzani," nikasema.

"Safi sana!" Akaandika kwenye daftari lake.

Ndiyo, jamani. Ndoo ya njano, kiongozi wa upinzani. Jiko la gesi, Waziri wa Nishati. Sufuria, ufagio na ndizi tatu, wabunge wa kawaida. Na mimi, Spika na Katibu kwa pamoja, nikitangaza kwa sauti ya Dodoma: "Muswada wa Sheria ya Kumtembelea Mama Kabula. Kusomwa mara ya kwanza!"

Darasa likalipuka. Mwalimu Masanja wa meza ya nyuma, ambaye tangu jana alikuwa anacheka kabla ya wenzake, akapiga meza kwa viganja vyote viwili.

"Bhebhe, wewe! Kumbe huyu Madam ndivyo alivyo!"

Hadi hapo, niseme ukweli, nilikuwa naumbuka kwa raha. Wananicheka, lakini wananitazama.

Muswada ukasomwa mara ya pili. Jiko la gesi likasimama (yaani nililinyanyua) na kusema kwa sauti nene: "Mheshimiwa Spika, sufuria hii ni ya watu sita. Kwa miezi saba inampikia mtu mmoja. Serikali inapendekeza kila Jumapili Mama Kabula apate mgeni, hata mmoja, hata asiyependa kuongea. Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja."

Kwa ninyi msiofundisha: mtoa hoja akimaliza, wenzake husimama na kusema "naafiki". Hoja isipoungwa mkono haijadiliwi. Jana nilipofika hapo nikasubiri. Sijui nilisubiri nini. Sasa ukutani najiona namtazama ndoo. Namtazama ufagio. Nje makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yananguruma. Hakuna aliyesimama.

"Hoja haijaungwa mkono," nikatangaza.

Nikavua taulo. Nikamega ugali ndani ya sufuria ileile, mbunge halali, nikala nimesimama. Nilikuwa nimesahau kuzima simu. Dakika moja na nusu, jamani! Na semina ilikuwa imeletewa redio kubwa ya kutolea sauti ya kompyuta, kwa hiyo kila tonge lilisikika hadi mlangoni.

Hapo hakuna aliyecheka. Na hapo ndipo nilipoumbuka kweli.

Mwezeshaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sawa," akasema taratibu. "Walimu, hoja isipoungwa mkono, inakuwaje?"

Walimu wakaanza kusoma vitambulisho vyao vya kuning'iniza shingoni.

Ghafla Masanja akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mheshimiwa Spika, naafiki!"

Mwalimu wa dirishani naye akasimama. "Naafiki!" Kisha meza nzima. Kisha darasa zima, meza zinapigwa kama Bunge la bajeti. Mwezeshaji naye akapata moto.

"Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki waseme siyo!"

Hata nzi hakusikika.

"Walioafiki wameshinda!"

Nikacheka hadi machozi (mengine yalikuwa ya kawaida).

"Mayu, mama yetu, sheria imepita," Masanja akaniambia wakati wa chai, mdomo umejaa chapati. "Sasa utatukimbia mwenyewe!"

"Karibuni sana," nikasema. "Karibuni wote."

Tukapewa vyeti. Tukapiga picha ya pamoja, mimi katikati, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya semina. Saa tisa bodaboda zikaanza kuwachukua. "Spika, kwaheri!" "Spika, tutaonana!" Masanja akapunga mkono mpaka alipokata kona. Nikabaki getini na cheti changu, hadi mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nimesahau.

Sheria imepita bila kupingwa. Kura ishirini na sita. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumba iko wapi.

Kwa hiyo naomba msinichekee huko mtandaoni. Anayetaka kunicheka aje anicheke uso kwa uso: Masumbwe, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mlango wa bluu, kesho Jumapili saa saba mchana. Mchele nimeshachambua.