Mabirika ya Kapsoiyo

Jumatatu, 3 Februari 2025. Kitale.

Leo nimepanda cheo. Hakuna aliyetangaza, lakini nimepanda.

Fundi wetu wa paipu ameanguka na bodaboda, mkono umevunjika. Mzee Gurdev, mwenye duka, akawa anazunguka kaunta akiuliza ni nani sasa atafanya ile kazi ya Kapsoiyo. Huko milimani, juu ya Kachibora, kikundi cha wafugaji kimeagiza kwetu mabirika mawili ya kunyweshea ng'ombe, na paipu ya kuyaletea maji kutoka kwenye chemchemi. Kiangazi kimekaza. Kila siku ng'ombe wanateremka genge zima mpaka mtoni. Mwezi uliopita wawili walianguka.

Nikasema kazi hiyo ninaijua. Mzee akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema Bungoma. Si uwongo kamili. Bungoma kuna paipu.

Miezi minane nimeuza paipu katika duka hili. Muuza dawa si anajua ugonjwa?

Akanipa roli tisa za paipu. Nikarudisha tatu, nikamwambia fundi mwenye akili hupita njia fupi. Akanitazama kitambo, kisha akamgeukia mteja. Nadhani alivutiwa.

Jumanne, 4 Februari. Kapsoiyo.

Mlima huu ni ukuta wenye nyasi. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Jerono, amepita miaka sitini na anaupanda huku akisimulia habari za wajukuu. Mimi nilipanda kwa mikono na miguu. Nikamwambia nachunguza udongo.

Nimepewa msaidizi. Kipkosgei, mfugaji, mwenye punda wawili na maneno machache. Simpendi. Alisema mabirika yabebwe na punda, moja moja, kwa njia ya ng'ombe inayozunguka zunguka. Nikasema tutapoteza siku. Nikaita wanaume wanane, tukafunga kamba, tukaanza kulivuta birika la kwanza moja kwa moja juu. Plastiki ngumu, refu kama jeneza.

Katikati nikatangaza mapumziko. Wanaume walinisikia. Birika halikusikia. Liliteleza juu ya nyasi kavu, likatupita, likawapita kondoo, likaingia kwenye shamba la kabichi la kanisa. Halikupasuka. Kabichi siwezi kuzisemea.

Kipkosgei akateremka, akalifunga mgongoni mwa punda, akalipandisha kwa njia yake. Kisha la pili. Mtu wa kunyamaza hivyo ana majivuno.

Jumatano, 5 Februari.

Leo paipu. Kati ya chemchemi na mahali pa mabirika kuna bega la mlima. Mimi nikachora mstari: kupanda bega, kushuka, basi. Kipkosgei akatoa sauti kwa mara ya kwanza.

"Fundi, hilo bega liko juu kuliko chemchemi. Maji hayatapanda. Tuzunguke huku chini."

Nikamwambia nimesimama kwenye chemchemi, nimefumba jicho moja, na bega liko chini. Akasema tupime kwa mpira mwembamba wa kuonyesha maji, ule wa waashi. Upande huu maji yakisimama hapa, upande ule yatasimama usawa huo huo. Nikamjibu jicho la fundi halihitaji mpira.

Pia roli sita haziwezi kuzunguka mlima. Hilo sikumwambia.

Saa kumi tulimaliza. Nikafungua. Maji yakaingia upande wa chemchemi vizuri kabisa. Upande wa birika ikatoka pumzi.

Mama Jerono akaniuliza maji yako wapi. Nikamweleza kwamba paipu mpya lazima izoee kwanza. Akauliza paipu huzoea kwa siku ngapi. Nikasema mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 6 Februari.

Nimenyonya paipu mpaka nikaona nyota mchana. Nimeitikisa. Nimeiinua na kuiteremsha. Kipkosgei alikaa juu ya jiwe akichonga fimbo, akinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mchana Mama Jerono akaja na habari. Kesho mchungaji atakuja kubariki maji, na kikundi kizima kitaleta ng'ombe. Niliona hatari, lakini niliona pia nafasi. Sherehe bila ng'ombe wenye kiu ni baridi. Nikamshauri kesho asubuhi mifugo isipelekwe mtoni, ije na kiu, inywe mbele ya watu. Alisita. Akasema jua la siku hizi ni kali, na njia ya mtoni ni mbaya zaidi mchana. Nikamwambia, Mama, niamini mimi.

Akasema sawa, maana mimi ndiye fundi.

Nimeazima punda wa Kipkosgei kwa kesho alfajiri. Nimemwambia ni wa kubeba mchanga.

Ijumaa, 7 Februari.

Nitaandika kwa utaratibu.

Alfajiri nilibeba maji kwa punda kutoka chemchemi, mitungi ya lita ishirini, safari nne. Kufika saa mbili birika la kwanza lilikuwa limejaa, likimeta. Kipkosgei akaja kuchukua punda wake, akauliza mbona migongo imelowa. Nikasema umande. Akatazama nyasi zilizokauka. Akatazama birika. Akaondoka.

Saa nne mlima ulijaa watu. Mchungaji aliomba sana. Akina mama waliimba. Mama Jerono alinishika mkono akaniita injinia mbele ya wote. Nakiri nilifurahi. Hata sasa, nikikumbuka sekunde hiyo peke yake, nafurahi.

Ng'ombe wakaachiliwa. Wapo zaidi ya sitini. Kumi na tano wa kwanza walikunywa vizuri sana. Halafu birika likakauka, na watu wote wakageuza macho kwenye paipu, wakingoja. Paipu ikakoroma kama mzee anayemaliza uji.

Nilianza kueleza habari za hewa. Nyuma yangu ng'ombe walikuwa wameshasikia harufu ya mto. Wakageuka kwa pamoja, na jua utosini, wakateremka genge mbio. Vijana walijaribu kuwazuia kwa fimbo. Mtamba mweusi wa Mama Jerono, mwenye mimba ya kwanza, aliteleza kwenye mawe. Tulisikia sauti yake kabla hatujamwona. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Ilibidi achinjwe pale pale.

Mama Jerono alikaa karibu na kichwa chake mpaka mwisho. Kisha akanijia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana.

"Fundi," alisema, "hukunikosea kwa paipu. Paipu mtu yeyote anaweza kukosea. Ulinikosea kwa ile mitungi."

Nikamwambia mitungi ilikuwa mpango wa muda. Akanitazama, akaenda.

Jioni nyama iligawanywa, nami nikapewa fungu langu kama wengine. Nilikula kidogo. Haikushuka vizuri. Huenda haikuiva.

Jumapili, 9 Februari.

Mtu fulani alimpigia simu Mzee Gurdev. Jana alifika Kachibora mwenyewe na pikapu, na zile roli tatu, na mpira mwembamba wa waashi. Akapanda mlima wote kwa miguu. Hakunigombeza hata kidogo, jambo lililonisumbua. Alimuuliza Kipkosgei yeye angepitisha wapi, akamsikiliza mpaka mwisho, wakapima. Bega la mlima liko juu kuliko chemchemi kwa kimo cha mtu mmoja. Mtu mfupi, nikasema.

Waliiondoa paipu yangu, wakaizungusha chini ya bega. Mimi nilishika upande mmoja wa mpira. Bila mimi usingesimama.

Leo baada ya ibada maji yalikuja. Kwanza kikohozi, kisha matope, kisha maji meupe, bila kukatika. Watu hawakuimba. Walisimama tu wakisikiliza birika likijaa. Mama Jerono aliweka mkono ndani ya maji na kuuacha humo. Walimpa Kipkosgei mkono mmoja mmoja. Mimi nilikuwa karibu naye, kwa hiyo wawili watatu walinipa na mimi.

Kwa ufupi, kazi ya Kapsoiyo imekamilika. Chini ya usimamizi wangu, siku sita tu.

Jumatano, 12 Februari. Kitale.

Nimerudi kaunta. Mzee Gurdev amesema nipumzike na safari. Anatafuta namba ya Kipkosgei, sijui ya nini.

Leo aliingia mama mmoja kutoka nyumbani, Bi. Linah, mweka hazina wa kanisa letu kule Kibabii, Bungoma. Wanataka kuinua tangi kubwa la maji juu ya mnara wa mbao, karibu na darasa la watoto. Aliuliza kama duka lina fundi. Mzee alikuwa stoo. Nikamwambia amebahatika, kwa maana anazungumza na yule aliyepandisha maji Kapsoiyo. Akashukuru sana. Tumepatana Jumamosi.

Mnara sijawahi kujenga. Lakini mnara ni meza ndefu tu, na meza nimeziona nyingi.