Msiba wa Mjane wa Redioni

Jumatatu, 10 Novemba
Herufi nilizipata uzeeni kwa katekista, shule siijui. Ila hili lazima niliandike. Leo kwenye mchezo wa redio wamemuua Nyamizi. Kagongwa na bodaboda, na kesho yake ndiyo baraza lilikuwa liamue kesi ya shamba lake! Mjane kapigana na shemeji zake tangu masika, halafu bodaboda. Hakikuokoa mtu kifo hicho, hakikufundisha mtu. Binti yangu Minza, mjane wa kweli, ambaye shemeji zake wanamnyang'anya shamba la pamba kule Kasoli, kazima redio. Kasema basi mayu, mama yangu, wachukue tu.

Jumanne, 11
Nimemfuata mtunzi, Januarius, anakaa hapa hapa Somanda. Nimemwambia amfufue. Kasema kifo ni sanaa. Nikamwambia mimi hata kuku simchinji bila sababu.
Jirani yangu Wilhelmina anasema Nyamizi alijitakia, mdomo ulimzidi. Yeye wa kusema mdomo.

Alhamisi, 13
Dawa nimeipata. Msibani lazima mtu asimame aeleze marehemu kafaje. Basi naweka msiba wa Nyamizi. Turubai, wali, maharage. Januarius nimemwalika. Ataeleza mbele ya watu.

Jumamosi, 15
Watu wamejaa. Nusu yao wameniuliza maiti iko wapi. Wilhelmina kalia kuliko wote, kala sahani tatu. Januarius kasimama, kabanwa, mwisho kakiri: mwigizaji wa Nyamizi kaolewa Nyashimo, kaacha mchezo. Sababu ndiyo hiyo tu. Nikamuuliza, baba, si ungesema mjane kahamia Nyashimo? Watu wakacheka, msiba ukavunjika. Hamfufui. Mchele wangu umekwisha.

Jumatano, 19
Minza karudi kutoka Kasoli. Alikwenda barazani mwenyewe, sikumtuma. Shamba ni lake, shemeji wameambiwa waondoe humo ng'ombe wao wa kulimia. Anasema alipokuwa akisugua masufuria ya msiba aliwaza: mwenzangu kafa akisubiri kesho, mimi naenda leo. Kumbe mayu, anasema, kile kifo kilikuwa na kazi.
Nimebisha mpaka chai ikapoa. Kilichompa nguvu ni wali wangu. Kifo kile kilikuwa cha bure na kitabaki cha bure. Nimemkumbatia, lakini nimebisha.
Jioni hii mzee mmoja wa kwenye mchezo wa redio kakohoa. Mara mbili. Nimeshaagiza mchele.