Madaraja ya Athumani

Gazeti lilifika Lushoto likiwa na umri wa siku tisa na doa la mafuta ya taa, lakini kwenye benchi la kahawa la Rajabu, nyuma ya soko la mboga, lilipokelewa kana kwamba limechapwa asubuhi ile. Aliyelisoma kwa sauti ni Salimu fundi cherehani, ambaye wote humwita Futikamba kwa tabia yake ya kupima kwa macho kila kiuno kinachopita.

"Sikilizeni! Tanga wamefanya shindano la uzuri. Wasichana kumi na wawili wamepitishwa mbele ya watu, mshindi kapewa baiskeli!"

"Baiskeli ya kupanda mlima gani?" akauliza Tobia mshona viatu. Huyu jina lake la benchini ni Gundi, maana akishakaa habanduki. "Aje nayo huku, aisukume mpaka Mgwashi, tuone huo uzuri utabaki wapi."

"Sisi shindano la nini?" akasema Rajabu huku akimimina. "Si tunaye Daraja!"

Wakacheka wote isipokuwa Daraja mwenyewe. Huyo ni Athumani, mkaguzi wa mboga. Kazi yake kupanga kabichi kabla hazijapakiwa kwenye lori la Mombo: daraja la kwanza ziende Tanga, la pili zibaki sokoni, la tatu wapewe ng'ombe. Na siku za soko, kahawa ikishamkolea, huwapangia madaraja mabinti wanaopita, na benchi zima humpigia makofi. Leo hakuwa na hamu. Bintiye Zuhura, miaka kumi na minne, alikuwa amepata nafasi shule ya bweni. Lori linaondoka saa nne, na mtoto amegoma.

"Kisa?" akauliza Gundi.

"Nywele! Shuleni wananyoa. Miezi minne anazifuga, anazinyoosha kwa kitana cha moto mpaka sikio limeungua. Hesabu anamshinda karani wa Bwana Shauri kule bomani, lakini anaona bora hesabu ipotee nywele zibaki."

"Watoto wa siku hizi!" Futikamba akasokota masharubu yake yanayong'aa. "Sura tu, sura tu!"

"Masharubu hayo yamekula kopo zima la mafuta," akasema Rajabu.

"Haya ni ya biashara, bwana."

"Na wewe Gundi," Rajabu akamgeukia, "meno uliyachonga ya nini? Ya kutafunia misumari?"

"Enzi zetu bila kuchonga hutazamwi na msichana hata mmoja! Nilikunywa uji wiki mbili. Lakini ile ilikuwa mila, si upuuzi."

Kicheko kilikuwa hakijaisha Zuhura alipotokea, kanga kichwani.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Baba, mama kasema nije nikueleze mwenyewe kwa nini siendi."

"Eleza, mwanangu."

"Siku moja ya soko, kabla ya mfungo, nilipita hapa na mzigo wa majani ya ng'ombe. Majani yalinifunika uso mpaka kifuani. Ukasema, 'Daraja la tatu hilo, liende zizini pamoja na mzigo wake.' Wote mkacheka. Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha mama. Nikasema, labda nikiwa na nywele nitafika la pili."

Rajabu akaacha kumimina. Athumani alikikumbuka kile kicheko vizuri sana, hata makofi, lakini msichana mwenyewe hakumkumbuka.

"Sikujua kama ni wewe."

"Ungejua, ungenipa la ngapi?"

Athumani akaweka kikombe chini. Akasimama. "Nimekosa, mwanangu. Mbele ya hawa hawa waliocheka, nimekosa." Kisha akafanya jambo ambalo benchi lile halikuwahi kuliona: akavua kofia. Upara ukang'aa kuanzia kwenye paji hadi kisogoni. "Nimeuficha miaka sita. Haya, mkaguzi. Kagua."

Zuhura akamtazama usoni kwanza, aone kama ni mzaha. Kisha akamzunguka polepole, midomo ameibana, kama anavyofanya baba yake mbele ya lundo la kabichi.

"Kichwa kimekomaa," akasema. "Hakina mdudu."

"Daraja?"

"La kwanza. Kinaweza kusafiri."

"Basi kitakusindikiza mpaka mlango wa shule. Tuwe vipara wawili."

Binti akazishika nywele zake chini ya kanga. "Lakini ataninyoa mama," akasema. "Si wao." Wakaondoka wakikimbilia nyumbani, saa nne isije ikawakuta.

Siku ya soko iliyofuata binti mmoja alipita na tenga la pea. Futikamba akafungua mdomo. Athumani, bila neno, akavua kofia na kuiweka gotini.

"Nilitaka kusema," Futikamba akakohoa, "leo kahawa ina tangawizi."

Rajabu, ambaye hajawahi kutia tangawizi tangu azaliwe, akaitikia upesi, "Nyingi sana."